Chakula cha vifaranga vya sato: namna ya kupunguza dagaa bila kudumaza samaki

Bei ya dagaa Kanda ya Ziwa hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Ikiingia mbalamwezi taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni, na mtengenezaji wa chakula cha samaki anajikuta akigombea gunia moja na mama ntilie. Masika yana balaa lake: dagaa walioanikwa mchangani wananyeshewa, wanavunda nusu, kisha wanasagwa na kuuzwa kama dagaa wa mifugo. Ukinunua hao, umenunua mchanga na harufu.

Mwongozo huu unahusu vifaranga vya sato kuanzia nusu gramu hadi gramu 10, na namna ya kushusha dagaa hadi asilimia 20 ya chakula, kisha 10, kwa kutumia funza wa BSF (aina ya nzi mweusi, kwa Kiingereza black soldier fly), mashudu ya soya na unga wa damu. Vifaranga vilivyo chini ya nusu gramu viacheni kwenye chakula cha kuanzia cha kiwandani au chenye dagaa wengi. Wakati huo tumbo ni dogo, chakula chote cha siku kinaingia kwenye kijiko, na shilingi unazookoa hazilingani na samaki utakaowapoteza.

Kifaranga wa nusu gramu hadi gramu 2 anataka chakula chenye protini karibu asilimia 40. Akipita hapo, 35 hadi 36 inamtosha, na akishakuwa samaki wa kukuzwa bwawani 28 hadi 30 hutosha. Kosa la kwanza la wengi ni kuchukua chakula cha samaki wakubwa, kukisaga laini, na kukiita cha vifaranga.

Protini ya kwenye karatasi na protini ya tumboni

Maabara haipimi protini moja kwa moja. Hupima naitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Kwa dagaa na damu hesabu hiyo inakaa sawa. Kwa funza haikai sawa, kwa sababu ganda lake lina kitini, na kitini kina naitrojeni isiyo protini. Kiwango kinachofaa zaidi kwa funza mzima wa BSF ni 4.76. Kwa hiyo cheti kikisema funza wana asilimia 42, zidisha kwa 4.76, gawanya kwa 6.25, unapata 32. Hizo pointi kumi ndizo zinazowashangaza watu wanapotoa dagaa kilo 2, kuweka funza kilo 2, halafu vifaranga vinasimama ukuaji ndani ya wiki tatu.

Jambo la pili ni aina ya protini, yaani vipande vinavyoijenga (asidi amino) kama lisini, methionini na isolusini. Soya ina lisini nzuri lakini methionini yake ni haba. Damu ina lisini nyingi sana, ila methionini na isolusini ni kidogo. Ukichanganya soya na damu bila dagaa hata kidogo, unapata chakula chenye protini 42 kwenye karatasi lakini kinachomkuza kifaranga kama chenye 30, maana kinachopungua kuliko vyote ndicho kinachoweka kikomo. Ndiyo maana ndani ya mchanganyiko wa hapa chini kuna gramu 50 za methionini, ile ile ya unga inayouzwa maduka ya pembejeo kwa ajili ya kuku. Usiiache kwa kuona ni kidogo.

Funza wa BSF

Huyu ni nzi mweusi mwembamba, anayefanana kidogo na nyigu, ambaye akishakuwa nzi kamili hahangaiki na vyakula vya watu. Wafugaji wengi wanamwita BSF tu. Mayai yake huanguliwa kwa siku 4 hivi. Gramu moja ya mayai ina mayai kama 35,000 hadi 40,000, hivyo kwa beseni moja unahitaji chini ya nusu gramu. Vilishe vifunza vidogo kwa siku 5 kwenye chakula cha vifaranga vya kuku kilicholowekwa maji, kabla ya kuvihamishia kwenye mabaki ya jikoni au sokoni.

Beseni au kreti ya sentimita 60 kwa 40, kina cha sentimita 17, inabeba funza 10,000. Huwezi kuwahesabu mmoja mmoja: pima gramu 2 za mchanganyiko wao, hesabu waliomo, kisha zidisha. Wape kilo 15 za mabaki mabichi kwa siku 12, kilo 5 siku ya kwanza, 5 siku ya tano, 5 siku ya nane. Maganda ya maembe, machicha ya bia, mboga zilizolala, ugali uliobaki, vyote vinafaa vikikatwakatwa. Unyevu uwe asilimia 70 hadi 80. Kama huna kipimo, kamata fumba la mabaki ulikamue: matone machache yakitokeza kati ya vidole, ni sawa, maji yakichuruzika, changanya na pumba au machicha makavu. Beseni lenye maji mengi ndilo linalofanya funza wapande kuta usiku na kutawanyika sakafuni. Wengine hulaumu joto, na kweli joto la zaidi ya nyuzi 40 huwafukuza pia, lakini mara nyingi ni maji. Miguu ya meza iweke kwenye makopo yenye maji, la sivyo sisimizi watavuna kabla yako.

Mabaki yenye plastiki, betri, mafuta ya mashine au kinyesi cha watu yasiingie. Funza hukusanya madini mazito, hasa kadimiamu, na unayempa funza huyo ni samaki atakayeliwa.

Vuna siku ya 12 wakiwa bado weupe wa maziwa. Wakianza kuwa kahawia na kisha weusi, ganda limekomaa, kitini kimeongezeka, na kifaranga hapati cha maana. Wachekeche, waweke kwenye pumba kavu usiku mmoja ili matumbo yasafike, kisha watumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hadi mbili. Maji ya moto hufanya kazi tatu kwa mpigo: yanawaua haraka, yanapunguza vijidudu, na yanasimamisha vimeng'enya vinavyowafanya wawe weusi na mafuta yao kuchacha. Anayewaanika juani wakiwa hai anapata funza weusi wanaonuka, kisha anasema samaki hawapendi funza.

Wakaushe juu ya turubai au wavu kwa siku mbili tatu za jua kali, au kwenye kikaushio cha nyuzi 60. Wamekauka pale unapomvunja mmoja akakatika kwa mlio, akipinda, mrudishe. Beseni moja hutoa takribani kilo 2 za funza wabichi, nao wakikauka ni gramu 600 hadi 700. Kwa kila kilo 10 za chakula kilichoelezwa hapa, panga mabeseni matatu.

Funza mkavu ana mafuta hadi asilimia 30, na mafuta hayo yanafanana zaidi na ya nazi kuliko ya samaki. Kwa sato hilo si tatizo kubwa, dagaa na soya vinaziba pengo. Tatizo ni kinu. Ukiwasaga peke yao wanageuka ugali wa mafuta na kuziba chujio. Wasage pamoja na pumba au mashudu ya soya, sehemu moja kwa moja, na usage kiasi cha wiki moja tu. Funza mzima aliyekauka vizuri hukaa miezi. Aliyesagwa huanza kuchacha baada ya wiki chache, hasa gunia likikaa karibu na bati.

Soya, na jaribio la chupa

Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga vimeng'enya vya kumeng'enya protini. Kifaranga hula, tumbo linajaa, kinyesi kinatoka kirefu na cheupe, uzito haupandi. Joto ndilo linaloondoa vizuizi hivyo. Mashudu ya soya yanayotoka viwandani kwa kawaida yamepata joto, lakini ya mashine ndogo za kukamua hutofautiana gunia kwa gunia. Pima kila gunia hivi: kijiko cha chai cha soya iliyosagwa, kijiko cha chai cha mbolea ya urea, vijiko vitano vya mezani vya maji, vyote kwenye chupa yenye mfuniko. Tikisa, funga, acha dakika 20, fungua unuse. Harufu kali ya mkojo wa choo cha stendi ikikupiga, soya ni mbichi, irudishe motoni. Harufu hafifu au hakuna, joto limetosha. Chupa hiyo na kijiko hicho visirudi jikoni.

Jaribio hilo halikwambii kama soya imeungua. Hapo tumia macho: mashudu yaliyoiva ni ya rangi ya karanga zilizokaangwa kidogo. Ya kahawia iliyokolea yamepoteza lisini, na hayarudi.

Wenye soya nzima shambani huuliza kama wanaweza kuitumia badala ya mashudu. Inawezekana, iloweke usiku, mwaga maji, chemsha dakika 30 kwenye maji mapya, anika, saga. Ila si kilo kwa kilo. Soya nzima ina protini 37 na mafuta karibu 19, na mashudu yana protini kama 45. Ukibadilisha kilo 4 zote kwenye mchanganyiko wa kwanza hapa chini, protini inashuka hadi 38 na mafuta yanapanda kufikia 16. Kifaranga mwenye mafuta mengi hivyo anakuwa na ini lililonenepa na rangi ya njano, na anakufa kirahisi siku ya kusafirishwa. Badilisha kilo moja, basi.

Vingine, kwa ufupi

Unga wa damu ya machinjioni una protini 80 hivi. Chemsha damu ukiikoroga hadi igande yote, dakika 30, ikamue kwenye gunia, anika, saga. Lita 10 hazizidi kilo 2 za unga. Usikaange, damu iliyoungua haimeng'enyeki. Kikomo ni asilimia 5 ya chakula. Pwani na Visiwani wateja wengine huuliza samaki wamelishwa nini, nao wana haki ya kujibiwa ukweli. Ukitaka kuitoa damu kwenye mchanganyiko wa kwanza, toa hiyo nusu kilo na pumba gramu 200, ongeza dagaa gramu 700, protini itabaki pale pale.

Mashudu ya alizeti ya Singida na Dodoma ni rahisi na yanapatikana, lakini maganda ni mengi. Kwa vifaranga chini ya gramu 2 yaache. Kwa wakubwa zaidi, saga na uchekeche, maganda yatakayobaki juu wape ng'ombe. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu inayofunga pia lisini. Hayafai kwa vifaranga kabisa. Mashudu ya karanga yana protini nzuri, na ndiyo yanayoongoza kwa sumukuvu, hivyo bila cheti cha maabara usiyaguse. Azola, mmea mdogo unaoelea majini, watu wanaisifu kupita kiasi. Ni zaidi ya asilimia 90 maji, na ikikauka protini yake ni robo tu. Ni mboga nzuri kwa sato wakubwa, si protini ya kifaranga. Mlonge vivyo hivyo: majani makavu yana protini 25 hadi 30, lakini yana tanini na saponini, usipite asilimia 5 kwa wadogo.

Uduvi wa ziwani, ambao upande wa Kenya huitwa ochong'a, ni bora kuliko vyote hivi na una protini inayokaribiana na ya dagaa. Tatizo lake ni kwamba hutoka humo humo kwenye nyavu za dagaa, kwa hiyo dagaa wakiadimika nao unaadimika. Ukiupata kwa bei nzuri, uweke mahali pa dagaa kilo kwa kilo.

Mchanganyiko wa kwanza: vifaranga vya nusu gramu hadi gramu 2, kilo 10

Dagaa wasio na mchanga, kilo 2.0
Funza wa BSF wakavu, kilo 2.0
Mashudu ya soya yaliyopimwa, kilo 4.0
Unga wa damu, kilo 0.5
Pumba laini za mpunga, kilo 0.6
Unga wa muhogo, kilo 0.6
DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi), gramu 100
Premiksi ya samaki (mchanganyiko wa vitamini na madini), gramu 150
Methionini, gramu 50

Dagaa wakihesabiwa kwa 58, soya 45, damu 80, pumba 12, muhogo 2 na funza kwa ile 32 iliyosahihishwa, jumla ni protini asilimia 41. Ukiwahesabu funza kwa 42 ya cheti utapata 43, na utajidanganya. Hakuna mafuta ya kuongeza, funza wameyaleta. DCP ipo kwa sababu fosforasi nyingi ya soya imefungwa kwenye faiteti na kifaranga hawezi kuifungua.

Dagaa wapime mchanga kabla ya kununua: tia fumba la dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika mbili. Mchanga unakaa chini ukionekana wazi. Tabaka likizidi unene wa shilingi, tafuta muuzaji anayeanika kwenye nyavu au miamba. Dagaa wa mchanga husoma 45 badala ya 58, na hesabu yote ya juu inaanguka.

Mchanganyiko wa pili: gramu 2 hadi 10, kilo 10

Dagaa, kilo 1.0
Funza, kilo 2.0
Mashudu ya soya, kilo 4.0
Unga wa damu, kilo 0.2
Mashudu ya alizeti yaliyochekechwa, kilo 1.0
Pumba laini za mpunga, kilo 0.9
Unga wa muhogo, kilo 0.6
DCP, premiksi na methionini kama juu

Huu unatoa protini karibu 36. Usiondoe hicho kilo kimoja cha dagaa cha mwisho. Mbali na protini, dagaa ndio wanaokifanya chakula kinukie samaki, na kifaranga huanza kula kwa pua.

Kuchanganya na kukausha

Saga kila kitu hadi kipite chekecheke la matundu ya karibu nusu milimita. Weka rula juu ya wavu: matundu 14 au 15 ndani ya sentimita moja ndiyo hayo. Chembe kubwa ya soya ndani ya tonge dogo ina maana kifaranga mmoja anapata soya tupu na jirani yake dagaa tupu.

Anza na vidogo. Tenga kikombe kimoja cha pumba kwa ajili ya premiksi. DCP na methionini vichanganye kwanza na pumba iliyobaki kwenye ndoo, zungusha mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze kwenye soya, kisha funza, damu na dagaa. Anayemwaga gramu 50 za methionini juu ya rundo la kilo 10 na kupiga koleo mara tatu ameitupa.

Unga wa muhogo upike uji mzito kwa lita 3 za maji, uive hadi ung'ae. Uji mbichi haushiki. Mwagia ungali moto, kanda, ongeza maji kidogo kidogo hadi donge likibanwa lishikane bila kutoa maji; kwa kawaida jumla ni lita 3.5 hadi 4. Donge likishapoa kiasi cha kushikika ndipo uweke premiksi, iliyokorogwa kwenye kikombe cha pumba uliyoitenga. Vitamini C huharibiwa na joto. Na kama umepata premiksi ya kuku tu, fahamu kwamba kuku hujitengenezea vitamini C na premiksi yao mara nyingi haina. Ongeza gramu 10 za vitamini C ya aina iliyofungwa na fosfeti kwa kilo 10. Bila hiyo, baada ya wiki kadhaa utaona vifaranga vyenye migongo iliyopinda kama ndoano.

Pitisha kwenye mashine ya kusaga nyama yenye sahani ya matundu ya milimita 2. Tambi zinazotoka zitandaze kwenye wavu kivulini penye upepo, tabaka lisilozidi sentimita moja, zigeuze kila saa. Lengo ni zikauke ndani ya saa 12. Zikilala na unyevu usiku kucha, ukungu unaanza ndani kabla hujauona nje. Jua kali la saa sita linaua vitamini na kukausha ganda la juu huku kiini kikiwa kibichi. Tambi kavu inakatika kama tambi za dukani.

Ziponde taratibu kwenye kinu cha mkono au kwa chupa juu ya meza, kisha uchekeche. Vifaranga vya nusu gramu hadi gramu 2 wapewe chembe za nusu milimita hadi milimita 1. Gramu 2 hadi 5, milimita 1 hadi 1.5, gramu 5 hadi 10, milimita 1.5 hadi 2. Vumbi linalopita nusu milimita usilitie bwawani. Hakuna kifaranga anayelila, linaoza na kula oksijeni. Lirudishe kwenye donge la siku inayofuata.

Jaribio la mwisho kabla ya gunia kufungwa: tia kijiko cha chembe kwenye glasi ya maji. Dakika 10 baadaye zikiwa bado na umbo lake, uji ulishika. Zikigeuka tope ndani ya dakika 2, muhogo haukuiva. Utando wa mafuta ukielea juu, funza wamezidi au walisagwa wakachacha. Nusa pia, mafuta yaliyochacha yananuka rangi ya mafuta ya kupaka mlango.

Kulisha

Vifaranga vya gramu 1 wapewe asilimia 10 ya uzito wao kwa siku, mara tano. Kufikia gramu 5 shusha hadi 6, mara nne; kufikia gramu 10, asilimia 5, mara tatu. Vifaranga 5,000 vya gramu moja ni kilo 5, chakula cha siku ni gramu 500, kila mlo gramu 100. Kila wiki chota vifaranga 100, wapime ndani ya ndoo yenye maji uliyokwisha kuipima, na upange upya. Usipopima, wiki ya tatu unalisha nusu ya wanachohitaji, na utaona vichwa vikubwa juu ya miili myembamba.

Asubuhi mlo wa kwanza usitangulie jua kupanda. Oksijeni bwawani huwa chini kabisa alfajiri, na samaki aliyeshiba anaihitaji zaidi. Joto la maji likishuka chini ya nyuzi 22, kata mlo nusu. Nyanda za juu kama Mbeya na Iringa hilo hutokea kila kipupwe.

Chakula kipya kiingie polepole: siku tatu robo, siku tatu nusu, siku tatu robo tatu. Wakikitema, mara nyingi si funza wenyewe bali ni chembe ngumu mno au mafuta yaliyochacha.

Wanaolea kambare watumie hesabu hizi kwa tahadhari. Kambare mchanga anataka protini 45 na zaidi, huanza maisha kwa chakula hai kama artemia, na akikosa chakula anamla ndugu yake. Wape mchanganyiko wa kwanza ukiongeza dagaa kilo moja mahali pa mashudu ya soya kilo moja, protini itapanda kidogo tu, hivyo ni wa vifaranga vilivyokwisha kupita gramu 3. Walishe jioni na usiku, na wachambue kwa ukubwa kila wiki.

Kabla ya kuhamisha bwawa zima

Funga hapa (vizimba vya wavu) mbili za mita 2 kwa 1 ndani ya bwawa moja, kila moja vifaranga 200 vya ukubwa sawa. Moja wape chakula cha zamani, ya pili hiki. Wiki nne. Pima chakula chote kilichoingia, na uzito ulioongezeka. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, hapo unapata kilo ngapi za chakula zimetoa kilo moja ya samaki.

Kwa mfano, cha zamani kina gharama ya shilingi 3,600 kwa kilo na kimehitaji kilo 1.3 kwa kilo ya samaki: ni shilingi 4,680. Kipya ni shilingi 2,800. Kikihitaji kilo 1.5, ni 4,200, umepata faida. Kikihitaji 1.7, ni 4,760, umepata hasara ukiwa na gunia rahisi mkononi. Mpaka wa mfano huu ni 1.67. Ukiuvuka, usitupe mchanganyiko mzima: pima soya kwa chupa kwanza, angalia rangi ya funza, kisha rudisha dagaa nusu kilo na ufunge hapa mbili upya.